Tafuta mtu atakayekusumbua

Ukisoma uhandisi wa umeme au mitambo, kozi ya programu utakutana nayo mapema, utapiga msuli, utafaulu, na semesta ikiisha utasahau karibu yote. Si uzembe. Swali la darasani halibadiliki. Ukishakusanya kazi, imekwisha. Usanifu mzuri wa programu huonekana pale mtu anaporudi kukuambia, "Tumekubaliana tofauti sasa, rekebisha."

Kwa hiyo mtafute mtu huyo mapema. Mimi nilimpata nyumbani. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba, na daftari lake lilijaa safu za hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Nilimwandikia programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Haikupita muda wanachama wakapandisha faini ya kuchelewa. Kisha wakashusha riba, ila kwa mikopo mipya tu. Ya zamani iendelee kwa kiwango cha zamani. Hilo "ila" lilinifundisha usanifu kuliko kozi nzima.

Mwaka 1972 mtaalamu wa programu David Parnas alieleza kwamba programu igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, na kila uamuzi ufichwe ndani ya sehemu yake. Ukikariri kwa ajili ya mtihani, hayo ni maneno tu. Ila kama asilimia ya riba umeiandika kwenye fomu, kwenye ripoti na tena kwenye hesabu ya marejesho, kikao kimoja cha akina mama kitakufanya ukeshe usiku kucha. Weka kanuni za kikundi mahali pamoja, kila moja na tarehe iliyoanza kutumika, na sehemu nyingine zote ziende kuuliza hapo.

Usihifadhi salio, hifadhi miamala, salio lipigwe hesabu kutokana nayo. Aliyeandikiwa 5,000 badala ya 50,000 usimfutie, mwongezee muamala wa marekebisho, ili mtu akihoji uwe na cha kumwonyesha. Wahasibu wanalijua hili tangu zamani, sisi wahandisi ndio tunachelewa. Na pesa ziwe namba kamili, si desimali: iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Riba ikigawanywa ikabaki chenji isiyogawanyika, usiamue wewe iende kwa nani. Peleka swali kwenye kikao.

Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, jifunze wiki ya kwanza, basi. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 na bado watu wanatumiana faili zilizoandikwa "mwisho kabisa 3".

Kuhusu kudesa, sikukatazi kutumia msimbo wa mwingine. Kazini kila mtu anafanya hivyo. Ila jua uliandikwa kwa mazingira gani. Roketi ya Ariane 5 iliporushwa mara ya kwanza, Juni 4, 1996, ilikuwa na kipande cha programu kilichotoka Ariane 4, ambako hakikuwa na tatizo. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba iliyohifadhiwa kwenye nafasi ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, na sekunde kama 40 baada ya kuruka chombo kikasambaratika. Kwa hiyo jaribu programu yako kwa namba za pembeni: mwanachama asiye na hisa hata moja, mkopo uliolipwa kupita kiasi, mtu aliyejiunga katikati ya mzunguko.

Mwaka wa mwisho, kwenye mradi wa kuhitimu, utashawishika kuandika mfumo wa hospitali nzima. Mimi ningekushauri uende na hiki kidogo kinachotumika, ueleze kilibadilika mara ngapi na kwa nini hakikuvunjika.

Kama kwenu hakuna kikoba, kuna kwaya, duka la dawa, madrasa, saluni. Omba kuliona daftari lao, na ukae nao kikao kizima kabla hujafungua kompyuta.