Shangazi, pombe nimeacha ila mwili bado unawaka

"Shikamoo Shangazi. Mimi fundi ujenzi, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miezi 4 sijagusa pombe kali. Tatizo binti yangu wa miaka 5 akilia tu kifua kinawaka, taya zinakaza, natamani nitoke nikanywe. Juzi nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mama yake. Kwenye kikundi cha tulioacha pombe wanatukalisha tuongee, mi maneno hayatoki. Jamaa kaniambia nikaombe methadoni hospitali ya Mirembe. Nifanyeje?"

Marahaba baba. Hongera kwa hiyo miezi 4, tena kwa fundi, maana saa 11 jioni mwiko ukishaoshwa njia zote zinaelekea kilabuni.

Methadoni tuimalize kwanza: hiyo ni dawa ya watumiaji wa heroini, Muhimbili walianza kuitoa 2011, kwa pombe haikuhusu. Ila Mirembe nenda tu, na wa pombe wanawapokea.

Sasa kifua. Unasema maneno hayatoki halafu umeniandikia kifua kinawaka taya zinakaza, hayo si maneno ni nini? Mwili wako umezoea miaka yote kelele ikizidi inazimwa na chupa, leo chupa hakuna na kelele ipo palepale, lazima uhangaike. Ndo maana sikwambii ujikaze, ushajikaza mno mpaka taya zinauma.

Mtoto akianza, simama, nyayo zote chini, vuta pumzi kwa pua kawaida tu, halafu itoe kwa mdomo polepole kama unapuliza uji wa moto, iwe ndefu kuliko uliyovuta, mara 6 au 7 hivi. Shika mshipa wa mkono uone mwenyewe, ukivuta mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa yanapungua, wala si uchawi. Pandisha mabega mpaka masikioni uyaachie. Zoezi hili lifanye asubuhi ukiwa umetulia, usisubiri mpaka siku ya moto. Ukiona mkono unataka kunyanyuka mwachie mama yake, toka nje utembee hata kama upepo wa Dodoma unakujaza vumbi mdomoni, maana hamu inapanda, inafika juu, inashuka, na mara nyingi nusu saa haifiki.

Na ule bana! Fundi anashinda na chai na andazi moja, jioni njaa na uchovu vinajifanya hamu ya pombe. Kula ugali na mlenda kwanza ndo uongee na watu.

Kikundini waombe muwe mnatembea mkiongea. Wanaume nawajua, wakichanganya zege wanasimuliana mambo yote, waweke duara kwenye viti vya plastiki utadhani wako mahakamani. Ila ukifumba macho ukivuta pumzi halafu yakaja mambo ya zamani ya kutisha, acha, fumbua macho, mwambie mtaalamu. Na ikitokea umerudia ukanywa siku nyingi mfululizo usiache ghafla peke yako nyumbani, mtu anaweza kupata degedege, nenda hospitali.

Sasa binti. Mwili wake nao umejifunza kitu juzi, ukinyanyua sauti tu unashtuka. Chuchumaa mbali kidogo, umwambie "juzi baba alikufokea, halikuwa kosa lako." Usimdai akukumbatie. Kaa hapohapo chini, usubiri aje mwenyewe.