Limfoma isiyo na haraka: kwa mnaoanza kusoma picha za ubongo

Vijana mliokuja juzi chumba cha picha, nakwambieni hili mapema.

Limfoma ya ubongo (saratani ya chembe nyeupe za kinga) mliyosomeshwa ni ile kali, ya seli kubwa za B, na ndiyo iliyo nyingi. Ile haina kificho: kwenye CT ni nyeupe kuliko ubongo hata kabla ya dawa ya kung'arisha picha, ukiitia dawa hiyo mshipani inang'ara yote sawasawa, na hupenda kukaa kando ya vyumba vya maji au kuvuka daraja la kati linalounganisha nusu mbili za ubongo. (Kwa mwenye VVU mambo hubadilika, hufanya pete ikafanana na toksoplazma, ambukizo la vimelea. Siku nyengine.)

Inayoponyoka ni ile inayokua polepole. Ni adimu, unaweza kukaa miaka usiione, na ikija haifanani na mwenzake. Iliyo ndani ya ubongo mara nyingi hukamata dawa kidogo tu, kwa madoadoa, au haikamati kabisa. Kwenye FLAIR, aina moja ya picha za MRI, unaona weupe umetandaa huko ndani, na mkono unakimbilia kuandika glioma, uvimbe wa seli za ubongo wenyewe.

Nyengine hukaa kwenye utando mgumu unaofunika ubongo, hasa kwa wanawake. Hii ndiyo iliyonipiga mimi. Alikuja mama mmoja kutoka Pemba, kashuka boti asubuhi, bahasha ya picha imo kwenye mkoba wa ukili. Kichwa miezi, kifafa mara mbili. Uvimbe umegandana na utando, unang'ara, una na mkia unaofuata utando. Nikaandika "meninjioma", uvimbe wa kawaida wa utando, nikaenda kunywa chai. Daktari wa upasuaji akakuta nyama laini imetandikwa juu ya ubongo, si donge. Maabara ikasema limfoma. Tungelishuku mapema, pengine kipande kidogo cha kupima maabara kingetosha, maana hii husikia mionzi vizuri.

Nikarudi kuzitazama tena zile picha. Mfupa juu yake haukunenepa hata kidogo, chokaa hamna (meninjioma huweza kuleta vyote viwili), na uvimbe umetambaa mrefu mwembamba mithili ya jamvi. Hakuna hata kimoja kinachothibitisha, meninjioma nayo huweza kuwa hivyo. Lakini vyote vitatu vilikuwa mbele ya macho yangu, na sikuandika hata kimoja.

Basi andikeni sura kwanza, jina baadaye, na penye shaka neno limfoma liwemo kwenye ripoti. Nina sababu: deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe. Wodini wakiona uvimbe na maji pembeni yake, cha kwanza ni deksa. Ikiwa ni limfoma, hasa ile kali, inaweza kunywea kwa siku chache, kisha kinyama kilichokatwa kupimwa kikatoka hakina jibu. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri, pigeni simu wodini hata kabla ripoti haijachapwa, na daktari akinuna mwacheni anune. Mimi siku hizi naandika kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha yenyewe: "Deksa isubiri, niulizeni kwanza."