Kitabu cha Kubadili Mtazamo

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma. Nimesoma riwaya na vitabu vya maarifa tangu ujana wangu, lakini nikiulizwa ni kipi kilichobadili namna ninavyoiona dunia, nakosa jibu. Vingi vilinifurahisha, kisha vikapita. Je, vitabu vya namna hiyo vipo kweli? Na kama vipo, nianze na kipi?
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Mwalimu, vipo, ingawa ni vichache kuliko wanavyodai wauza vitabu. Kwa maoni yangu, dalili yake si wingi wa mambo mageni yaliyomo, bali ni kwamba ukishakifunga, vitu ulivyovizoea tangu utotoni vinaanza kukudai maelezo. Nitakupa mfano mmoja, nao nimeuchagua makusudi kwa kuwa unaishi mwisho wa reli.

Mwaka 1972 Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Swali lililozoeleka wakati ule, na ambalo bado tunalisikia, lilikuwa kwa nini Afrika iko nyuma, na majibu yake yakitafutwa katika hali ya hewa, mila au uvivu wa watu. Rodney aliligeuza swali lenyewe: alishikilia kwamba utajiri wa upande mmoja na ufukara wa upande wa pili vilitokana na uhusiano uleule, hivyo mtu hawezi kuueleza mmoja akauacha mwingine.

Ichukue reli. Rodney anaandika kwamba njia za usafiri za kikoloni hazikujengwa ili Waafrika wapate kutembeleana, bali barabara na reli ziliteremka kuelekea baharini, kulikokuwa na meli za kubeba mazao na madini. Sasa fungua ramani. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza nao walianzia Mombasa mwaka 1896 na kulifikia Ziwa Victoria mwaka 1901. Zote mbili zinaanzia bandarini na kupenya bara. Mtu anaweza kupanda treni hiyo maisha yake yote asijiulize kwa nini njia ielekee huko na si kwingine; akishamsoma Rodney, sidhani kama atakaa tena dirishani bila kujiuliza.

Mahali ninapoparudia zaidi ni pale anapomtaja Mfalme Afonso wa Kongo, ambaye mapema katika karne ya 16 aliwaomba Wareno waashi, mapadre, makarani na matabibu, lakini badala yake zikamiminika merikebu za watumwa. Ombi hilo linatosha kuivunja picha ya bara lililolala likingoja kuamshwa, maana mfalme alijua vyema alichokihitaji.

Sikuambii ukubali kila neno. Wapo wanahistoria wanaomlaumu Rodney kwa kuwapa Waafrika wenyewe nafasi ndogo mno katika mambo yaliyowapata, ingawa anakiri waziwazi kwamba baadhi ya watawala wetu walishiriki biashara ya watumwa. Wasome na hao pia. Yeye mwenyewe, aliyeuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980 akiwa na miaka 38, aliweka mwishoni mwa sura zake mwongozo wa vitabu vingine vya kusoma.

Ikiwa ungependa kuanza na Kiswahili, kirudie Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarejea na mawazo ya kuinufaisha nchi yao, na wakaishia kifungoni. Wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu, na hiyo ni hasara kubwa.

Kwa Rodney, ningekushauri uanze na sura ya sita, ambamo anayapima manufaa yanayodaiwa kuletwa na ukoloni, kwa sababu sura ya kwanza imejaa istilahi za uchumi na huwakatisha tamaa wasomaji wengi. Ukiimaliza hiyo, rudi mwanzo.