Baraza la mawe ya Mazeras latoa chumvi, na kaunta ya marumaru: fundi wa mawe ajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko Shanzu, ukitembea dakika tano umefika baharini. Miaka mitatu iliyopita tulitandika mawe ya Mazeras barazani na kwenye njia ya kuingilia, yakapakwa vanishi ili yang'ae. Sasa vanishi inabambuka, chini yake kuna unga mweupe, na mawe kadhaa yanatoka magamba. Kuna fundi amesema tuyaoshe kwa asidi ya kusafishia vyoo, kisha tupake vanishi mpya mikono mitatu. Jambo la pili ni jikoni. Nimependa marumaru nyeupe kwa kaunta. Muuzaji asema marumaru na graniti ni mamoja, na anataka malipo ya kwanza Jumamosi. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Shanzu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na kaunta, kwa sababu Jumamosi i karibu na pesa ikishatoka hairudi. Baraza limeumwa miaka mitatu, litangoja aya chache.

Marumaru na graniti si mamoja hata kidogo. Marumaru asili yake ni jiwe la chokaa lililobadilishwa ardhini na joto na mgandamizo. Chokaa na kitu kichachu hawakai pamoja: kikidondoka tu, kinaanza kula. Graniti ilitokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka kwa moto, uliopoa polepole chini ya ardhi, na chembe zake hazijali ndimu. Sasa wewe ni mpishi wa Pwani. Samaki hupakwa ndimu, viazi karai huliwa kwa ukwaju, kachumbari siki, embe bichi hukatwa pale pale juu ya kaunta. Hakuna siku jikoni mwako itapita bila uchachu.

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Nyali baada ya Ramadhani. Glasi ya maji ya ukwaju ilikuwa imeachwa juu ya meza ya marumaru tangu futari hadi asubuhi. Palibaki duara, jembamba kama uzi. Mwenye nyumba alikuwa ameshalisugua kwa sabuni, kwa majivu, mpaka kwa dawa ya meno. Nilipitisha kucha juu yake nikahisi ukingo, kama mtu anayepapasa mkwaruzo kwenye bakuli. Hapo nikamwambia ukweli: hilo si doa. Doa ni kitu kilichoingia, nacho chaweza kutolewa. Hili ni jiwe lililoondoka. Dawa yake ni kusagwa na kung'arishwa upya, hakuna sabuni itakayorudisha kilicholiwa.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi, nenda dukani uombe kipande cha masalio cha bamba lile lile utakalouziwa, si cha bamba jingine linalofanana nalo. Nenda nacho nyumbani. Kamulia tone la ndimu, ngoja dakika tano, futa, kisha kiinamishe kuelekea dirishani ukitazame kwa upande. Ukiona pamefifia, hilo ni jiwe la ukoo wa chokaa, haidhuru muuzaji analiita jina gani. (Hapa kwetu hata vigae vya kiwandani watu huviita marumaru, na wauzaji wengine hujificha nyuma ya jina hilo.) Halafu geuza kipande, ukikwaruze upande wa nyuma kwa ncha ya kisu. Marumaru itaacha mfereji na unga mweupe. Graniti kwa kawaida itaacha tu alama ya kijivu, na hiyo ni ya chuma cha kisu chenyewe. Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa daraja 1 hadi 10: marumaru iko kwenye 3, chembe za graniti kwenye 6 na 7, na chuma cha kisu kati yao, kama 5 na nusu.

Namba hizo zina maana nyengine kwako. Mchanga unaoingia na viatu una chembe za kwatzi, madini magumu kama kioo, nazo ugumu wake ni 7. Kila anayetembea na mchanga juu ya marumaru anaipiga msasa bila kujua. Ukitaka marumaru sakafuni, tia mkeka mlangoni na ufagie kabla ya kupiga mopa, kila siku.

Kama muuzaji atakuelekeza kwenye graniti nyeusi, fanya jaribio moja zaidi: lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limetiwa rangi, na rangi hiyo itapauka. Graniti za rangi nyepesi nazo zina vitundu vidogo vinavyokunywa mafuta, kwa hiyo tia tone la maji juu ya kipande uangalie. Likibaki limesimama baada ya dakika kumi, jiwe lina vitundu vichache. Likizama na jiwe likawa jeusi mahali pale, utahitaji sila, dawa inayonywewa na jiwe na kupunguza kiu yake.

Ushauri wangu: kaunta iwe graniti. Marumaru ninaipenda, nimeifanyia kazi ujana wangu wote, lakini iweke pale ambapo ndimu haifiki, kama rafu ya sebuleni au meza ya kujipambia. Na kama moyo umekataa, basi uombe ile isiyong'arishwa, yenye uso mkavu kama karatasi, kwa sababu alama za uchachu hazionekani sana juu yake. Manjano ikimwagika, yoyote utakayokuwa umechagua, usisugue. Changanya udongo mweupe au poda ya talki na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa mpaka iwe kama ugali laini, bandika juu ya doa, funika kwa plastiki usiku mzima, kisha fungua uache ikauke yenyewe ndipo uikwangue kwa kijiti. Kwenye jiwe jeusi jaribu kwanza pembeni, maana dawa hiyo hupausha. Mafuta ya nazi hutolewa kwa njia hiyo hiyo, ila badala ya peroksaidi tia asetoni, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa.

Sasa baraza, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ushauri uliopewa utaliua.

Ule unga mweupe ni chumvi kweli. Mazeras ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa jiwe, unachimbwa hapo juu kwenye barabara ya Nairobi, na kati ya chembe na chembe kuna nafasi. Maji hupita humo. Ya kwako yanatoka ardhini chini ya baraza, yanatoka angani kwenye upepo wa bahari, na ningeapa yanatoka pia kwenye ndoo, maana nyumba nyingi za huko hupiga mopa kwa maji ya kisima, nayo yana chumvichumvi. Muulize pia aliyetandika alitumia mchanga gani. Kama ulikuwa wa ufuoni, chumvi ilitiwa ndani siku ya kwanza.

Maji yanapanda mpaka juu, jua linayachukua, chumvi inabaki. Ikibaki juu ya uso haina madhara makubwa: unaifagia. Lakini wewe umeweka vanishi. Maji yanafika chini ya ngozi ile yanashindwa kutoka, yanatafuta upenyo mdogo mdogo, na chumvi inaganda pale ndani, chini kidogo ya uso. Chembe ya chumvi inapokua husukuma kama mzizi wa mbuyu ndani ya ufa. Siku moja magamba yanainuka. Shika gamba moja uligeuze, uone weupe uko upande wa ndani. Hapo utajua ni nani aliyelisukuma.

Asidi nayo italeta nini? Itakula simiti ya viungio. Yaweza kula hata kile kinachoshikanisha chembe za mchanga ndani ya Mazeras yenyewe. Jiwe hilo lina chuma, ndiyo maana lina ile rangi ya manjano na hudhurungi, na asidi huamsha chuma kikawa kutu inayotapakaa. Na baya zaidi, asidi ya chooni ikikutana na simiti huzaa chumvi nyengine, inayovuta unyevu hewani. Utakuwa umetibu chumvi kwa chumvi, kisha ukaifungia ndani kwa mikono mitatu ya vanishi.

Nilijifunza hili kwenye nyumba ya bibi yangu, Mji wa Kale. Ukuta wa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, lipu ya chokaa, ulikaa vizazi. Chini ulipoanza kumeguka, sisi vijana tulipiga lipu ya simiti, ngumu na nyororo, tukafurahi. Mvua za miaka miwili zilipopita, unyevu uliozuiwa chini ukapanda juu ya mpaka wa simiti, na ukuta ukaanza kuoza pale ambapo zamani ulikuwa mzima. Tuliibomoa simiti yote, tukarudisha chokaa. Chokaa huachia maji yapite, hujitoa yenyewe ipukutike badala ya jiwe, na ikichoka unapaka nyengine. Nenda Fort Jesus uone: ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596, sehemu yake nyengine ikachongwa kwenye mwamba wenyewe wa matumbawe, na upepo wa bahari umeipiga zaidi ya miaka 400. Hakuna aliyeipaka vanishi.

Kwa hiyo kazi yako ni kuvua, si kuvika. Toa vanishi kwa dawa ya kutolea rangi, ukianza na jiwe moja la kona. Tumia brashi ya nailoni. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu, na grainda itakula uso wa jiwe lililokwisha dhoofika. Mtu yeyote akitaka kukata au kusaga jiwe hilo likiwa kavu, mkatalie. Vumbi la Mazeras na la graniti lina silika, yaani unga wa kwatzi ile ile, inayotia makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Nimezika wenzangu wa kazi waliokuwa wakikohoa miaka. Kukata ni kwa maji, na barakoa ya maana, watoto wakiwa mbali.

Vanishi ikishatoka, usikimbilie mpira wa maji. Chumvi iliyo juu ifagie ikiwa kavu, uizoe uitupe mbali. Ukiimwagia maji itayeyuka na kurudi ndani. Kisha chukua karatasi za shashi au karatasi nyeupe zisizo na wino, ziloweshe kwa maji ya mvua uliyokinga kwenye bati, zigeuze uji, bandika juu ya mawe yaliyoathirika unene wa kidole. Acha zikauke kabisa. Zinapokauka zinavuta chumvi kutoka kwenye jiwe. Zibandue, zitupe, rudia mara mbili au tatu mpaka karatasi zitoke hazina ukali wa chumvi ukizigusisha ulimi. Mawe yaliyokwisha kuwa laini kama biskuti, yang'oe ubadilishe, na chini yake utie mchanga uliooshwa na maji matamu.

Tazama na mteremko. Maji ya mvua yanapaswa kuondoka nyumbani, na bustani isimwagiliwe juu ya baraza. Mopa iwe ya maji matamu na sabuni kidogo ya vyombo. Gharama hiyo ya maji ni ndogo kuliko baraza jipya.

Sila ni ya mwisho, na si lazima. Ukiitaka, uliza ile inayonywewa na jiwe bila kuacha ngozi juu, inayoruhusu mvuke kutoka. Jiwe halitang'aa kama la hotelini, litakuwa na rangi yake ya asili, na mimi nadhani ni nzuri zaidi. Kazi hii ingoje kaskazi, Januari au Februari, jua likiwa kali na mvua hazipo.

Kujua kama wakati umefika, kata kipande cha plastiki angavu cha ukubwa wa sahani ya wali, kibandike juu ya jiwe jioni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne. Asubuhi kifungue. Ukikuta matone upande wa chini, au jiwe limekoza rangi, bado linatoa maji, uliache wiki mbili ujaribu tena mahali pengine. Likitoka kavu asubuhi mbili mfululizo, mbele ya baraza na karibu na ukuta, ndipo uende dukani kununua sila.