Jibu: Hali za mizigo kubadilika baada ya kuongeza thamani kwenye enamu

Ndugu yangu, unasema programu yako ya mizigo ya mabasi ya Tanga hadi Lushoto ilikuwa sawa mpaka ulipoingiza IKO_KOROGWE katikati ya NJIANI na IMEFIKA kwenye enamu (orodha maalumu ya thamani zenye majina), na sasa mizigo iliyofika zamani inaonekana iko Korogwe. Java, lugha uliyoandikia programu, haina kosa. Umehifadhi ordinal, yaani nafasi ya thamani kwenye orodha kuanzia 0. Ukichomeka kitu katikati, vya nyuma yake vyote vinasogea.

Hifadhi jina: tumia name kuandika na valueOf kusoma. Kama unatumia JPA (njia ya Java ya kuhifadhi data kwenye hifadhidata), weka @Enumerated(EnumType.STRING), maana usipotaja kitu inachukua namba. Ila kwanza chukua nakala ya hifadhidata, kisha rekebisha rekodi kwa kufuata tarehe uliyobadilisha: namba 2 iliyoandikwa kabla yake ni IMEFIKA, namba 2 iliyoandikwa baada yake ni Korogwe kweli. Hapo usiharakishe. Mimi niliharakisha kwenye programu ya duka moja hapa Ngamiani, nikakesha kulinganisha na daftari.

Na tafadhali usirudi kwenye namba tupu. Enamu zilikuja na Java 5 mwaka 2004, na kikusanyaji (compiler, kinachotafsiri msimbo wako) hukataa hali usiyoitaja kwenye enamu. Namba tupu (int) kama 7, hata isipokuwa na hali yoyote, ingepita tu.