Kamati imeshachangisha, mwanaume kaingia mitini: ndiyo nimwachie Mungu?

Shangazi, nina miaka 28, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Harusi yangu ilikuwa iwe Desemba. Mahari imetolewa, kamati imekusanya michango, ukumbi tumeulipia nusu. Mwenzangu akanitumia ujumbe kwamba hayuko tayari, kisha akazima simu. Mama na akina mama wa jumuiya wanasema nimwachie Mungu. Nikipiga magoti nabaki na hasira tu. Giza zima lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, sikukanyaga Mwaloni. Je, imani yangu ni ndogo?
Binti wa Igoma

Binti yangu, pole sana. Kukuacha kwa ujumbe wa simu, mahari ikiwa imeshatolewa, ni dharau, na sitaipamba.

Imani yako haina shida. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba kwanza kikombe kile kimwepuke, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatimizwe. Wewe wanakutaka urukie hilo la pili kabla hujasema la kwanza. Mwambie Mungu hasira yako kama ilivyo, kwa Kisukuma kama ndicho kinachotoka.

Najua umeshatumiwa Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani. Ni mzuri, ila watu huukata. Barua ile waliandikiwa mateka walioko Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Muda wote huo wafanye nini? Rudi mstari wa 5: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mpango wa kurudi kwao upesi ulikufa, lakini kazi ya mikono yao hawakuambiwa waiache. Hapo ndipo akina mama wa jumuiya (nawaheshimu, ila) wanapokuchanganya. Mungu mwachie usichokiweza: moyo wa yule kijana, na nani atakuoa, na lini. Michango, ukumbi na dagaa zako ni vya kwako kushughulikia.

Anza na michango, maana naamini ndiyo inayokunyima usingizi hata kama hukuitaja sana. Mwenyekiti aitishe kikao cha mwisho, mweka hazina asome daftari mbele ya watu: nani katoa, nani aliahidi tu, ukumbi umekula kiasi gani. Kilichobaki kigawanywe kulingana na alichotoa kila mtu. Wewe usiende, mtume kaka au mjomba. Wako watakaosema "abaki nazo zimsaidie". Pokea, shukuru, majina yao yaandikwe.

Mahari waachie wazee wa pande mbili. Ila ule ujumbe usiufute. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya gharama alizoingia, kwa hiyo hata hela ya ukumbi ina pa kuulizwa. Kwenda mahakamani au kutokwenda utaamua mwenyewe. Tu asikwambie mtu kwamba kudai haki ni kukosa imani.

Halafu kazi. Mbalamwezi ikipita mitumbwi inarudi ziwani na taa zake, na wateja wako watanunua kwa jirani usipokuwepo. Rudi Mwaloni giza hili hili. Watakuuliza harusi imefikia wapi, na pale hakuna anayeuliza kwa sauti ndogo. Andaa jibu moja tu: "Imevunjika. Nikupimie madebe mangapi?"