Maswali ya Wasomaji: Silinda ya Tatu Imelala, Fundi Anataka Injini Mpya

SWALI: Ndugu Fundi, gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, na kila plagi ina koili yake juu, ile inayoipa umeme wa cheche. Kwa wiki tatu sasa limekuwa likimisi: likisimama huku injini inanguruma, usukani hunitetemekea mkononi, na nikikanyaga mafuta mlimani huzubaa kwanza ndipo livute. Mashine ya kupimia ilisoma P0303. Fundi amebadilisha plagi zote pamoja na koili ya silinda ya tatu, lakini msimbo ule ule umerudi, na sasa ananishauri ninunue injini nyingine. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali kwa sasa, kwa maana katika maelezo yako sioni mahali ambapo injini yenyewe imepimwa. Msimbo P0303 unasema tu kwamba kompyuta ya gari, inayofuatilia mzunguko wa krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), imegundua kuwa kila ikifika zamu ya silinda ya tatu msukumo unapungua. Sababu hauitaji. Silinda huhitaji cheche, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na kompresheni, yaani mbano wa mchanganyiko huo, ya kutosha. Fundi wako ameshughulikia cheche peke yake, tena kwa kununua badala ya kupima.

Anza na kipimo kisichogharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, badilishaneni koili ya silinda ya tatu na ya silinda ya pili, mfute misimbo, kisha uliendeshe gari. Msimbo ukigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu, hata kama ilitoka kwenye boksi juzi. Koili mpya iliyo mbovu si jambo la ajabu. Ukibaki P0303, nendeni kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia petroli. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kila nozeli na mpini wake sikioni: inayofunguka na kufunga hugonga kwa haraka na kwa mpigo mmoja, na iliyokufa hunyamaza. Hata hivyo, nozeli inayogonga yaweza kuwa imeziba, kwa hiyo nayo ihamishiwe silinda nyingine, baada ya kushusha presha ya mafuta na kwa kutumia mipira mipya ya kuzibia.

Plagi ya silinda hiyo nayo itolewe na kutazamwa, hata kama ni mpya. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui. Ikiwa imelowa oili, oili inapita kwenye ringi (pete za pistoni) au kwenye sili za vali. Ikiwa safi kupita kiasi, kana kwamba imeoshwa, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.

Hayo yasipotoa jibu, pimeni kompresheni, kipimo ambacho kilipaswa kutangulia neno lolote la kununua injini. Injini iwe na joto lake la kazi, plagi zote zitolewe, umeme wa koili na nozeli ukatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, kisha stata izungushwe mpaka mshale wa geji uache kupanda. Tofauti baina ya silinda ina uzito kuliko namba moja peke yake. Tuseme silinda tatu nyingine zinasoma bar 12 (bar ni kipimo cha presha) na hiyo ya tatu inasoma 6: mimina humo kijiko cha chai cha oili ya injini, upime tena. Mshale ukipanda sana, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba mwanya wao kwa muda. Ukibaki palepale, shuku vali au gasketi ya silinda hedi, yaani ya kile kichwa kinachofunika silinda. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao.

Fundi mwenye kompresa anaweza kwenda mbele zaidi: aiweke pistoni juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, apulize hewa kupitia tundu la plagi, kisha asikilize. Mluzi kwenye ekzosi ni vali ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni vali ya kuingizia, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, na mapovu ndani ya rejeta ni gasketi. Kama ni vali, mwambie apime kwanza nafasi ya tapeti, kipande kinachoisukuma vali ifunguke, kabla ya kufungua hedi. Vali iliyobanwa haifungi sawasawa, na ikiwa bado haijaungua, kurekebisha tapeti kwaweza kumaliza kazi.

SWALI: Je, naweza kuendelea kuliendesha huku nikisubiri?

JIBU: Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, lipeleke gereji taratibu. Ikipepesa, simama mahali salama uite wa kulivuta, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (katalisti, inayosafisha moshi) na joto lake huweza kuyayeyusha. Sehemu ya petroli hiyo pia huosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili mara tu matengenezo yatakapokamilika.